Mumi Wenye Miguu

Kwa habari za samaki, Mzee Kudura hakuwa mtu wa kubishana naye. Miaka thelathini na mbili aliuza samaki sokoni Bunda, akiwafuata mwenyewe Musoma, na alijisifu kwamba ukimpa mwiba mmoja tu atakuambia ni wa sato, wa ningu au wa gogogo. Watu wakamwita Profesa. Naye, nisiwafiche, jina alilipenda kupita kiasi.

Sasa siku hiyo shemeji yake Tausi, fundi cherehani, mdogo wa mkewe Hasna, akarudi nyumbani kwao kutoka kwenye mashimo ya matofali na beseni la maji. Ndani mlikuwa na viumbe wa kuonea huruma: vichwa vikubwa, mikia myembamba, miili inayopitisha mwanga, wote wameinamisha vichwa chini na mikia inatetemeka.

"Viluwiluwi," akasema Tausi. "Nataka niwalee nione watakuwa chura wa aina gani."

Kudura akavaa miwani, akainama. Akaona ndevu mbili ndefu, moja kila upande wa mdomo.

"Chura gani mwenye ndevu, wewe? Hao mumi. Wengine wanasema kambale. Nilikuwaga nawaona kabla hujazaliwa."

"Ni viluwiluwi, shemeji."

"Haya. Wakitoa miguu nitakupa shikamoo. Sokoni, mbele za watu, na nitakuita Mwalimu."

Kosa lake ni kwamba Anuari muuza kahawa alikuwa amesimama pale pale uani. Neno likishamfikia Anuari, mji mzima unalo. Kufika adhuhuri siku ya hukumu ilikuwa imeshapangwa: Ijumaa ya wiki ya kumi, baada ya swala.

Jamani, shikamoo si neno la mchezo. Tausi alikuwa akimpa yeye kila asubuhi tangu akiwa na miaka saba, leo mzee wa miaka sitini na minne amgeuzie yeye? Kudura alicheka na wenzake, lakini usingizi wa mchana ukaanza kumpita.

Tausi akalea. Alikausha mchicha, akausaga ukawa unga laini, akawanyunyizia kidogo kidogo. Maji akawabadilishia kwa ya mvua. Beseni akalifunika chandarua chakavu, akakataza mtu yeyote kuchungulia, maana alimjua shemeji yake.

Alhamisi, siku moja kabla ya hukumu, Tausi alikwenda Butiama kupima nguo za harusi. Kudura akafunua chandarua.

Miguu. Minne kwa kila mmoja. Ndevu zimetoweka, mikia imetoweka, na vyura kumi na mmoja wanamtazama kwa macho yaliyoelekea juu. Mzee wa watu akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Aibu ilimshika kweli kweli.

Akaenda mbio kwa Felisian mwenye bwawa la kufugia samaki, akarudi na mfuko wa vifaranga vya mumi, vidogo kama punje za mchele. Nia yake ilikuwa kutoa vyura na kuweka samaki. Lakini wale vyura waliteleza kuliko sabuni ndani ya maji. Profesa aliyeshika samaki maisha yake yote hakumshika hata mmoja. Mara akasikia ndara za Hasna zinakuja. Akamwaga vifaranga humo humo, akafunika. Kesho, akajiambia, nitasema vyura wamejirukia tu kutoka bondeni, mumi wenyewe hawa hapa.

Ijumaa uani pakajaa. Tausi akafunua bila haraka, Kudura akasukuma watu akafika mbele.

Vyura walikuwa kumi na mmoja, matumbo yamevimba. Mumi walikuwa wameisha. Wa mwisho alibakiza mkia tu nje ya mdomo wa chura, na yule chura alikuwa akiusukumia ndani kwa mikono miwili, bila wasiwasi wowote.

Hasira ikamtangulia akili. "Vyura wako wamekula mumi wangu wote," akasema Kudura.

Anuari alisahau kwamba anamimina kahawa, ikajaa mpaka ikamwagikia kidole.

"Kasema vyura wa Tausi," akasema Hasna taratibu. "Tumesikia wote. Mumi wake wametoka wapi, hilo ataniambia mimi ndani."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Tausi naye alicheka, kisha akamchota chura mmoja kwa chujio, akamwonyesha shemeji yake mguu wa nyuma: vidole vitatu vilikuwa na kucha nyeusi. "Hata wale wakubwa wa kwenye shimo wana kucha hizi, nimekwenda kuwalinganisha. Nchi kavu hawaipendi. Wanaishi majini, shemeji, kwa hiyo hukukosea sana."

Maneno hayo yalimuuma kuliko kicheko.

Kesho yake sokoni, mbele ya meza yake mwenyewe, Mzee Kudura alivua kofia. "Shikamoo, Mwalimu."

Tausi akaitikia kwa sauti ya soko zima kusikia. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo," akasema Kudura, na kicheko kikamponyoka na yeye.

Mama mmoja mgeni, asiyejua lolote, akainua samaki kutoka mezani akauliza ni aina gani huyu. Kudura akamnyooshea kidole Tausi.

"Muulize Mwalimu," akasema.