Kipimo cha Pacha

Tangu tukiwa wadogo fundi wetu wa nguo alikuwa na mtindo wake: anampima pacha wangu, anakata nguo mbili. "Hawa wamefanana, nipime wawili ili iwe nini?" alikuwa akisema, huku mimi nimewekwa kwenye benchi pamoja na mikoba. Pacha wangu alinitangulia dakika kumi kuja duniani, na kwa dakika hizo kumi akapewa tepu ya fundi maisha yake yote. Watu husema wivu wa ndugu ni wa utotoni. Mimi nina miaka ishirini na miwili na kijiba changu cha roho kiko palepale.

Sasa kaka yetu alikuwa anaoa, na sisi wawili ndio tungemsindikiza bibi harusi mbele ya kadamnasi. Mama akanunua kitambaa cha kijani, akaniambia, "Mwambie mwenzako apitie kwa fundi akitoka kazini." Sikumwambia. Nilijikausha, nikaenda mwenyewe.

Hapa lazima niseme habari ya kazi yangu. Naandika yale maneno yanayopita chini ya video za watu, na kazi yote iko kwenye simu: nasikiliza, naandika, narudisha nyuma, naandika tena. Saa nane kwa siku niko kitandani, kidevu kifuani. Mwaka jana shingo ilianza kuchoma, maumivu yakashuka begani, nikawa najipaka dawa ya kuchua bafuni na komeo nimetia. Sikutaka pacha wangu ajue. Yeye anauza vitasa na bawaba, anashinda amesimama, mikono iko rafu za juu, wala hajawahi kuumwa hata ukucha.

"Inua hiyo simu, utakuja kuvunjika," ananiambia kila jioni.

"Umenipita dakika kumi tu. Usinifundishe kukaa."

Kwa fundi nilisimama katikati ya chumba kabla hajaniambia. "Leo nipime mimi."

Akanitazama juu ya miwani. "Mwenzako yuko wapi?"

"Yuko kazini. Kwani leo hatujafanana?"

Hapo nilimshika pabaya, maana hilo la kufanana ni neno lake mwenyewe. Akapima. Mgongo, kutoka shingoni hadi kiunoni, aliupima mara mbili, akaandika, akafuta, akaandika tena. Akaja mbele, akafanya hivyo hivyo.

"Mwanangu, hebu simama vizuri."

"Nimesimama vizuri, fundi."

Kweli nilikuwa nimesimama kwa uwezo wangu wote. Akaguna. "Nikate kwa kipimo hiki?"

"Zote mbili," nikasema, nikarudi nyumbani kichwa kimevimba kwa raha.

Siku mbili kabla ya harusi fundi alileta magauni mwenyewe, tukayajaribu chumbani kwa mama, mbele ya kioo cha kabati. Langu lilinikaa barabara. La pacha wangu lilikuwa kituko. Nyuma ya shingo liliachama hadi ungeweza kutia ngumi, na mbele pindo lilipanda likaacha magoti nje. Nilifurahi, sifichi. Miaka yote nimevaa vipimo vyake, acha naye avae vyangu.

"Fundi, umefanya nini?" mama akauliza.

"Nimepima mmoja kama kawaida. Safari hii nilimpima huyu."

Wote wakanigeukia. Nilingoja pacha wangu awake, maneno yangu ya kumjibu nilikuwa nayo tayari. Yeye akacheka.

"Subirini. Nafikiri najua linavyovaliwa."

Akakutanisha viganja kama ameshika simu. Akasukuma mabega mbele, akainamisha shingo, kidevu kikagusa kifua. Gauni likatulia mwilini, pindo likashuka, hakukubaki mkunjo hata mmoja.

Mama akapiga makofi kwa kicheko. "Haya! Sasa mmefanana!"

Mimi sikucheka. Mle kiooni tulikuwa wawili wa kijani, na yule aliyejikunja kwa mzaha alikuwa na sura yangu, na chini ya shingo yake kumetokea kinundu. Kumbe ndivyo watu wanavyoniona nikienda dukani.

"Nyooka," nikamwambia.

"Nikinyooka halikai."

"Basi lisikae! Nyooka, nakuomba."

Akanyooka. Hakuvuta hata pumzi, mgongo ulipanda tu, gauni likaachama tena. Nikajaribu kunyooka naye. Maumivu yakanichoma kutoka sikioni hadi begani, na kiooni sikuwa nimepanda hata kidogo. Nikajaribu tena. Mama akaacha kucheka.

"Una nini wewe?" pacha wangu akauliza, akanishika mkono.

"Nakuonea wivu," nikasema, machozi yananitoka mbele ya fundi. "Mwaka mzima shingo inaniuma, na siwezi kusimama kama wewe."