Nyayo Zilizorudishwa Mtoni

Nikutegee kimoja kwanza, maana bila hicho hadithi yangu haina mlango. Alipita jana, leo hayupo, mdomo hana, lakini ukimwuliza alikokwenda atakuambia. Umeshindwa? Nipe mji. Umenipa Kordoba? Asante sana, mfalme wa Kastilia atafurahi kusikia umenigawia mji wake. Basi nimekwenda Kordoba, nimekula tini, nimerudi. Jibu ni unyayo.

Kwetu Lawza, upande wa Sultani wa Granada, unyayo ulikuwa shahidi. Ng'ambo ya mto wetu mdogo kulikuwa na Torreluna, mji wa Wakristo. Tulipigana nao tangu enzi za babu wa babu yangu. Huku hatibu anasema Mungu yuko nasi, kule padri anasema yuko nao. Lakini baina ya vita na vita kulikuwa na suluhu, ya miaka miwili, mitatu, na ndani ya suluhu watu lazima waishi. Ng'ombe akiibwa au mtu akitekwa, wafuata nyayo wa mji wake walizifuata nyayo mpaka mtoni. Hapo walipiga baragumu, na wafuata nyayo wa ng'ambo wakaja kuonyeshwa. Mkubwa wao akishatia kidole ndani ya unyayo na kusema "Nimeupokea," mzigo ni wao. Watazifuata mpaka mwisho, na wakizipoteza, mji wao utamrudisha mtu yule au utatoa mtu wake badala yake. Wafuata nyayo waliapishwa, wetu kwa Kurani, wao kwa Injili, na hakuna aliyewagusa hata vita vikiwaka.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nimeolewa miezi minane na Galib, mfuga nyuki. Mwaka huo suluhu ilikuwa inakwisha siku ya Ansara, jua likizama. Hiyo ni sikukuu ambayo Wakristo huiita ya Mtakatifu Yohana, na pande zote mbili huwasha moto na kuuruka kama watu waliopungukiwa na akili. Hakuna aliyejua kama suluhu itaongezwa. Baada ya jua lile, hapana unyayo utakaopokewa tena, na aliyetekwa ametekwa.

Siku mbili kabla ya Ansara, Galib alipanda mlimani kutazama mizinga yake. Hakurudi. Kesho yake wanaume walimtafuta mpaka giza, wakaona mzinga mmoja umepinduliwa na nyuki wamechacha. Galib hawakumwona.

Asubuhi ya Ansara nilikwenda kwa Ami Mufarrij, mkubwa wa wafuata nyayo wetu. Nilimkuta anafunga viatu.

"Rudi nyumbani, mwanangu," alisema. "Mlima ule ni wa mbuzi."

"Viatu alivyovaa Galib nilivishona mimi," nikamwambia. "Kisigino cha kushoto nilikitia kiraka, nikakishona msalaba kwa uzi wa nyasi, maana uzi mzuri uliniishia. Nikiuona unyayo wake nitaujua."

Alinitazama, akajikuna ndevu. "Umeshona msalaba kwenye kiatu cha Mwislamu? Hatibu akisikia, atakuhubiri wiki nzima."

"Ulikuwa ni uzi tu, Ami."

"Najua. Haya, twende. Lakini ukichoka sikubebi, mgongo wangu una mwenyewe, ananisubiri nyumbani."

Tuliondoka watu wanne kwa miguu, na nyuma yetu wakafuata wapanda farasi sita. Aliyewaongoza ni Hamdis, kijana mzuri wa sura. Ndugu yake, Yahya, alitekwa na Wakristo miaka mitano nyuma, akapotea kama jiwe kisimani. Tangu hapo Hamdis hakucheka. Kila Ijumaa alikaa mstari wa mbele kumsikiliza hatibu akiongea habari za vita.

"Mtaona," alisema, "nyayo zitaingia Torreluna. Zitaingia wapi kwingine?"

Mlimani kote ni mawe. Unyayo ulipatikana mmoja hapa, nusu kule, kisigino tu pembeni mwa kichaka. Karibu na mizinga nikauona wa kwanza: kisigino chenye kiraka, na uzi wangu umechapwa mchangani kama muhuri. 

"Ndiye," nilisema. "Ndiye huyu."

Ami Mufarrij akatangulia. Tulishuka tukifuata kile kiraka, jiwe hadi jiwe, mpaka mtoni, na nyayo zikaingia kwenye tope la ukingo na kutokea upande wa pili. Adhuhuri ilikuwa imepita. Baragumu likapigwa.

Walikuja watu watatu kutoka Torreluna. Mbele alikuwa Bermudo, mkubwa wao, mzee mwekundu wa uso, kofia yake ya nyasi imetoboka. Yeye na Ami Mufarrij walikuwa wamepokezana nyayo kwa miaka ishirini na minane. Alisema Kiarabu cha sokoni, cha kukatakata.

"Bado hujafa, Mufarrij?"

"Nakungoja utangulie, unitengenezee njia."

"Njia yangu na yako haziendi mahali pamoja, padri ameshaniambia."

"Na hatibu wangu kasema hivyo hivyo. Angalau kwa hilo wamepatana." Ami hakutabasamu sana. "Bermudo, leo nina kizito. Mtu. Mfuga nyuki, Galib. Mke wake huyu hapa."

Bermudo akavua kofia. Akaniangalia kama baba anavyomwangalia binti mgonjwa. "Pole, binti. Suluhu inakwisha jioni hii, na kwetu leo wamesema kanisani tusipokee kitu chochote kutoka kwenu. Lakini niliapa kabla padri huyu hajazaliwa. Nionyesheni."

Akavuka mto, maji yakimfika magotini, na Ami akamwonyesha ukingo wetu. Na mimi nikatazama pamoja nao, kwa mara ya kwanza bila mawe katikati. Kwenye lile tope zilikuwepo hatua nane mfululizo, safi, kama zimeandikwa.

Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka.

Galib alianguka kutoka mtini utotoni, na tangu siku hiyo mguu wake wa kushoto unatazama nje, kama wa bata. Anapiga hatua fupi, ya kushoto fupi zaidi. Miezi minane nilimtazama akitoka mlangoni, nikimcheka, naye akinirushia kofia. Hizi hatua nane zilikuwa ndefu, zimenyooka, vidole vinatazama mbele. Viatu ni vya mume wangu. Miguu si yake.

Nikiwatazama wanaume, hakuna aliyejua. Bermudo hakuwahi kumwona Galib akitembea. Ami Mufarrij macho yake yako kwenye kiraka, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia atazame kiraka. Bermudo akapiga goti, akanyoosha kidole.

Nisikudanganye, mjukuu wangu, nilinyamaza kwa kitambo. Nilijiambia: akipokea, watalazimika kuutafuta mji mzima, nyumba kwa nyumba, na huenda yumo. Na asipopokea, mimi nimebaki na nini? Ni huu unyayo tu niliokuwa nao mkononi, ndio dai langu la pekee duniani. Nikiuacha, nani atamtafuta? Lakini kama hayumo Torreluna, hawatampata, watatoa mtu wao badala yake. Watatoa mume wa mwanamke mwingine. Jioni vita vinaanza, na popote alipo Galib, hakuna atakayekumbuka kumtafuta.

"Usiguse," nilisema.

Kidole cha Bermudo kikasimama hewani.

"Ami, viatu ni vyake. Mtu si yeye. Galib ana mguu wa bata, unamjua. Tazama hizi hatua."

  Kisha Hamdis akacheka juu ya farasi, kicheko kikavu. "Mwanamke anajua nini habari za nyayo? Anaogopa. Mzee, mpe huyo Mkristo mzigo wake, twende zetu."

 Ami Mufarrij alitoa kijiti chake cha kupimia, akapima hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya nane alikuwa mzee kuliko alipoanza. Alisimama, akasema polepole ili kila mtu asikie:

"Bermudo, nimekuletea nyayo si zake. Kosa ni langu, nilitazama kiatu nikaacha mguu. Nazirudisha mikononi mwangu."

"Miaka ishirini na minane," alisema Bermudo, "sijasikia mtu akisema neno hilo."

"Na mimi sijawahi kulisema. Lina ladha ya nyongo."

"Litashuka." Bermudo akainuka, akapangusa tope gotini. "Nitakwenda nawe. Jioni wataniuliza kwetu nyayo ziliishia wapi, nami sitaki kuwajibu kwa kukisia."

Kabla hatujaanza safari, Hamdis aligeuza farasi na kupanda mlima kwa mbio. Wenzake walitazamana, hawakumfuata. Nadhani hata wao hawakujua siri yake. Nikakumbuka alivyohimiza nyayo zile zipokewe.

"Anakwenda alipo Galib," nikasema. "Atamwua."

"Farasi anaandika kwa herufi kubwa kuliko mtu," alijibu Ami, naye tayari anakimbia. "Hata wewe utasoma."

Kweli nilisoma. Kwato zilikuwa mbichi, mawe yamepinduliwa, nyasi zimekatika. Bermudo alipumua kama mvukuto wa mhunzi, na katikati ya kupumua huko akaniambia, kunituliza:

"Binti, nikutegee. Jeshi langu lina askari elfu, kila mmoja na mkuki mmoja, na akiutumia anakufa."

"Nyuki," nilisema huku nalia. "Mimi ni mke wa mfuga nyuki, mzee. Tega kigumu."

"Nitafikiri kingine tukifika."

Kwato zilitupeleka nyuma ya kilima, kwenye tanuri la chokaa ambalo halikuwashwa tangu vita vilivyopita. Farasi alikuwa amesimama peke yake, hatamu inaburuta. Sikungoja mtu. Nilipita mlango wa tanuri kwa kuinama.

Galib alikuwa amekaa chini, pekupeku, mweupe wa chokaa kuanzia nywele mpaka kucha. Mbele yake Hamdis alipiga magoti, kisu mkononi, na kamba zilizokatwa zimelala sakafuni. Kisu hakikuwa na damu. Pembeni kulikuwa na mkate nusu na mtungi wa maji.

"Nuzha," alisema mume wangu, kana kwamba nimechelewa kurudi kutoka kisimani, "ule mzinga uliopinduka, kuna mtu ameusimamisha?"

Nilimpiga kofi la bega, kisha nikamshika nisimwachie. Chokaa ikaniingia puani.

Hamdis alisema bila kutuangalia. Alisema nyayo ni zake, alivaa vile viatu. Hakukusudia kumwua Galib, alimletea chakula. Alitaka jioni ipite tu, suluhu ife, vita vije, maana katika vita angefika Kastilia akamtafute Yahya kwa upanga. "Katika suluhu hakuna anayeniruhusu kumtafuta," alisema. "Kila mtu ananiambia ningoje."

Bermudo alikuwa amejibanza mlangoni, anasikia. Ami Mufarrij akamgeukia. "Utasema nini kwenu?"

"Nilichokiona. Niliapa kama wewe." Akamtazama Hamdis. "Lakini nikisema mimi, wataniita rafiki wa Waislamu. Akisema yeye mwenyewe, watamsikia."

Hamdis alikwenda. Jua lilikuwa limeinama alipovuka mto, bila farasi, bila upanga, Ami upande wa kulia na Bermudo upande wa kushoto, na mbele ya kanisa la Torreluna akasema yote kwa mdomo wake. Kuna waliotaka kumrarua. Bermudo alisimama mbele yao na kofia yake iliyotoboka. Mwisho mwanamke mmoja mzee akauliza huyo Yahya anafananaje, ana alama gani, alitekwa mahali gani. Baada yake wakaanza kuuliza wengine, kwa sababu na wao walikuwa na watu wao huku kwetu ambao hawajulikani walipo.

Yahya hakupatikana. Nakuambia hivyo hivyo ilivyokuwa. Lakini walipatikana wengine kumi na mmoja, sita wetu na watano wao, na kwa sababu ya kuwatafuta hao, waamuzi wa mpaka, kadhi wetu na hakimu wao, walikutana mtoni usiku ule ule, moto wa Ansara ukiwaka kwenye kingo zote mbili, wakaiongeza suluhu miaka mitatu. Hamdis ndiye aliyetumwa kwenda mji hadi mji kuuliza majina, na kazi hiyo aliifanya mpaka akaota mvi.

Walioipinga walisema miaka mitatu ni kitu gani. Hatibu alisema hivyo, na padri pia. Mimi nitakuambia ni kitu gani. Ndani ya miaka ile mitatu mwanangu wa kwanza, mama yako, alizaliwa, akatambaa, akaota meno, akaachishwa ziwa, akajifunza kusema "nyuki". Na siku suluhu ilipokaribia kwisha tena, wafuata nyayo wa pande zote mbili walikuwa wa kwanza kufika kwa kadhi na hakimu kuomba miaka mingine mitatu.