Uzi wa Futi Kumi na Nne

Mume wangu Ndeti ni mzee wa kanisa, kwa hivyo hasemi uongo. Anachofanya ni kuhamisha viti.

Miaka thelathini na sita nimeishi naye hapa Kalamba, na sijaona bado jambo dogo ambalo ameweza kuliacha dogo. Akivuna magunia mawili ya ndengu, kufikia Jumapili yamekuwa matano. Akipata mafua, ni nimonia. Alikuwa karani katika ofisi ya kilimo, karani wa kufungua mlango na kupokea barua, lakini ukimsikiliza utadhani alipostaafu mvua nazo ziliacha kunyesha. Watu humsikiliza kwa heshima, kisha wakishafika barabarani wanacheka. Mimi sina haja ya kungoja barabarani.

Binti yetu ni mmoja tu, Kaluki, na ana miaka thelathini na minne. Amebeba jina la mama yake Ndeti, ndiyo maana baba yake humwita "mwaitu", yaani mama. Miaka mitatu iliyopita alikuja kijana na wazee wake kumwomba. Ndeti akawaambia shamba letu linafika mtoni. Wale wazee, kwa adabu zao zote, wakaomba kuuona mto. Tukatembea. Tukaruka ua wa jirani wa kwanza, ua wa pili, na kwenye ua wa tatu mwenye shamba akatoka kuuliza tunatafuta nini. Wazee wakanywa chai yao wamesimama na hawakurudi tena. Kaluki hakulia mbele yetu. Alirudi kazini kwake Kitui mjini, na mwaka mzima alikuwa anakuja nyumbani kwa matanga tu.

Kwa hivyo mwaka huu, kijana mwingine aitwaye Muigai, mtu wa Emali, alipokubali kuleta mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao bila wao mwanamke wa Kikamba hajaolewa hata akizaa sita, Kaluki alinipigia simu mimi. Hakumpigia baba yake.

"Mama, mimi nimeambia watu wa Muigai sisi ni watu wa kawaida. Msiongeze kitu. Si rangi, si viti, si story. Baba simwambii, hasikii. Nakwambia wewe. Hii nayo ikiharibika, sileti mtu mwingine hapo nyumbani. Haki ya Mungu."

"Baba yako niachie mimi," nikamwambia.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Ndeti akatangaza kwamba tunahitaji televisheni kubwa. Hatukujua mengi kuhusu hao wakwe. Baba ya kijana, Mzee Kiragu, aliwahi kuendesha lori, na mama yake, tuliambiwa, "anauza vitu Emali". Mimi nilijua ni vitunguu na nyanya kando ya reli. Wengi pale huuza hivyo. Ndeti naye akasema mtu wa Emali ameona kila kitu kikipita juu ya lori, kwa hivyo huwezi kumkalisha mbele ya inchi thelathini na mbili.

Inchi thelathini na mbili ndizo tulizokuwa nazo, juu ya kabati, na kitambaa nilichokishona mwenyewe. Zilitutosha. Ndeti hulala kabla ya habari kufika kwenye michezo, na mtu aliyelala hahitaji hata redio.

Lakini Nthiwa naye angekuja. Huyu anaishi Matinyani, ni mke wa kaka yake Ndeti, na hapo tayari nimesema mengi. Krismasi iliyopita alitukalisha mbele ya inchi zake sitini na tano, katika chumba ambacho ukinyoosha mguu unapiga friji, akanipa rimoti ikiwa bado kwenye nailoni yake. "Mama Kaluki, bonyeza tu," akaniambia, "usiogope." Nilibonyeza. Tangu siku hiyo sijawahi kumwombea mema mwanamke huyo bila kujilazimisha.

Ndeti akapata namba ya duka la Emali lililokuwa na kubwa kuliko zote, inchi themanini na tano. Alipopiga simu aliweka sauti juu ili nisikie jinsi anavyoongea na wafanyabiashara. Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito na haraka ya kazi.

"Mzee, mimi siuzii mtu TV kwa kukisia. Mtu mmoja akae kwa kiti yenyewe, ashike uzi hapa kwa jicho. Mwingine avute mpaka kwa ukuta. Kata hapo, uniletee hiyo uzi. Uzi ndio itaniambia size."

"Na hiyo ya themanini na tano inataka uzi ya futi ngapi?"

"Kumi na nne kuenda juu. Lakini usitafute futi, mzee. Pima."

Sebule yetu, kutoka kitini hadi ukutani, ni futi saba. Hilo halina haja ya uzi. Hata kuku anayeingia kuokota makombo anajua akipiga hatua chache amefika.

Mwongo wa kawaida angekata futi kumi na nne akaenda zake Emali. Ndeti hakuweza, kwa sababu Jumapili hiyo zamu ya kusoma Neno ilikuwa yake. Alizunguka na ule uzi tangu asubuhi kama mtu aliyepoteza ng'ombe. Kisha akapata ufunuo. Kiti chake kikasogezwa hadi mlangoni: futi kumi. Kikavushwa kizingiti hadi barazani: kumi na mbili. Kikasukumwa nyuma mpaka mgongo ukagusa makopo ya maua, uzi ukashikwa jichoni, ukapita mlangoni, ukavutwa hadi ukutani. Futi kumi na nne na vidole viwili.

"Kutoka kwa kiti yangu mpaka kwa ukuta yangu," Ndeti akasema, akiukunja uzi wake taratibu. "Hiyo ni ukweli mtupu."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kiti kikarudishwa ndani.

Alikwenda Emali na pikapu ya jirani, akarudi na sanduku refu kuliko yeye. Alinisimulia kwamba yule mama wa dukani aliupima uzi, akamtazama, akamuuliza kama kweli hicho ndicho kiti anachokalia. Ndeti akajibu ndicho, na ni kweli ndicho. Basi yule mama akaufunga uzi kwenye mguu wa televisheni kwa fundo la sufi nyekundu. Ndiyo kawaida yake. Uzi usitoke, akamwambia. Siku ukitaka kurudisha mali na kusema ulipunjwa, nakuja nyumbani kupima mwenyewe. Ndeti aliliona fundo lile kama nishani. Wageni wa kanisani walioonyeshwa televisheni walionyeshwa na fundo.

Sasa mniruhusu niseme ilivyokaa. Kabati langu lilihamia chumbani, likaziba kitanda. Televisheni ilifunika nusu ya dirisha, kwa hivyo mchana tuliwasha taa. King'amuzi chetu ni cha zamani, na picha yake iliyopendeza kwenye inchi thelathini na mbili ilitokea pale imekatikakatika kama ugali uliokosa maji. Msomaji wa habari alikuwa na pua kubwa kuliko sufuria. Ndeti, futi saba kutoka hapo, alikuwa anageuza kichwa kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuvuka barabara ya Mombasa. Siku ya pili kichwa kikamuuma. Akasema ni hali ya hewa.

Kaluki alifika Ijumaa. Alisimama mlangoni na mkoba begani, akakitazama kile kitu, kisha akanitazama mimi.

"Mama. Si ulisema nikuachie?"

"Baba yako unamjua," nikasema.

Akashusha pumzi. Akaja akanikumbatia. "Najua ulijaribu, mama. Pole."

Nikaipokea ile pole.

Jumamosi Nthiwa alitangulia kufika, bila shaka apate kiti cha mbele. Alikaa. Alitafuta neno kwa muda mrefu, nami nikasimama pale na sinia ya vikombe nikimtazama akilitafuta. "Ni kubwa," akasema mwishowe. Chai yangu siku hiyo ilikuwa tamu.

Saa tano wageni wakaingia kiwanjani. Mzee Kiragu mwenyewe alikuwa amewashika mbuzi, mtu mpole mwenye kofia. "Mama, kigingi iko wapi nifunge hawa?" Nikamwambia hatuna, tangu ule ukame hatujafuga mbuzi, afunge tu kwenye bomba la tangi. Akazunguka kiwanja kizima kwa macho, hakuona hata mti wa kufaa, akawafunga kwenye bomba.

Kisha akaingia mke wake, Wanjiro, mama yake Muigai. Mwanamke mnene, kitenge cha kijani, viatu vya chini. Ndeti alikuwa amesimama mlangoni mkono umenyooshwa na hotuba mdomoni. Uso ukamshuka. Mkono ukabaki hewani.

"Hamjambo hapa," Wanjiro akasema, na mimi nikaijua ile sauti. Vitunguu nilivyokuwa nimemuuzisha siku zote hizo vilikuwa televisheni.

Alisalimia watu wote mmoja mmoja. Kisha akakaa kwenye kiti cha Ndeti, akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama na kufungua fundo lake jekundu.

"Baba Kaluki, kiti ni hii?"

"Ni hiyo," Ndeti akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Wanjiro akampa mwanawe ncha moja aiweke ukutani. Ya pili akaishika jichoni mwake. Uzi ukalala sakafuni mbele yake. Akainuka, akaomba njia, akarudi nyuma pole pole, akawapita wajomba, akawapita wazee, akavuka kizingiti, akatoweka. Tulikuwa tunautazama uzi tu ukinyooka.

"Nimefika kwa maua!" akaita kutoka nje.

Wajomba wakacheka. Nthiwa akacheka kuliko wajomba, hadi akatoa leso kujifuta machozi. Kaluki alikuwa mlango wa jikoni na beseni na jagi la maji ya kunawa, macho chini. Nikauona tena ule ua wa jirani wa tatu.

Wanjiro alirudi akiukunja uzi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uchovu wa mtu aliyeyaona hayo mara mia.

"Watu wananidanganya kila siku, baba. Wengi wanakata tu uzi. Wewe ulitoa kiti nje." Akatikisa kichwa. "Lakini uzi haishikwi na mtu mmoja. Kwa kiti alikuwa amekaa nani?"

Kaluki akainua macho.

Nilimtazama Ndeti na nikangoja anyooshe kidole. Mimi ningekuwa yeye, ningekinyoosha mara moja, na kwa raha. Alikuwa na haki yote. Nilikuwa nimekaa pale barazani na ncha ya uzi jichoni, nikimwambia sogeza kidogo, sogeza, bado vidole viwili, na nilikuwa nafikiria uso wa Nthiwa.

Ndeti akajikohoza. "Nilikuwa peke yangu," akasema. "Mama Kaluki alikuwa ameenda kanisa. Hiyo ncha nilifunga kwa kigingi."

Miaka thelathini na sita, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia mume wangu akisema uongo mtupu, bila kuhamisha kiti chochote. Mzee Kiragu akavitazama viatu vyake. Nami mwenye mdomo, niliyesema wiki mbili nzima bila kupumzika, niliinama nikaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

Wanjiro akanitazama kidogo. Kisha akacheka, cheko fupi la dukani. "Haya. Jumatatu ile kitu irudi Emali, mtachukua ya inchi hamsini. Hapa hamsini ni mingi. Sasa hawa mbuzi wanapokelewa ama wanapigwa jua?"

Mbuzi wakapokelewa. Beberu akachinjwa, maombi yakafanywa, na Ndeti hakuongeza hata neno moja kwenye maombi. Ntheo ikapita. Binti yangu ameolewa, na hakuna mtu aliyeruka ua.

Kabla ya kula, Kaluki akapita na jagi akiwanawisha watu. Alipofika kwa baba yake alimmiminia maji mengi, kisha akachukua taulo akamfuta mikono mwenyewe, kidole kwa kidole, kama mtoto. Ndeti hakujua atazame wapi.

Kisha akaja kwangu. Akainama, akaanza kumimina. Maji yalikuwa ya vuguvugu.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, kama anayeniuliza chumvi iko wapi, "hapa kwetu hakuna kigingi."

Nikaendelea kunawa mpaka maji yakaisha kwenye jagi.