Mkaaji wa Nyumba ya Mfano

Kioo kilipasuka asubuhi, Mkaaji akiwa anamlisha mama mkwe wake uji. Kilikuwa kipande chembamba, urefu wa kidole, kilichobandikwa kwa gundi juu ya ufa ili ukuta ukisogea kivunjike na wataalamu wajue. Vipande viwili viliangukia mto wa kulalia.

"Kingine?" aliuliza mama mkwe. Tangu apooze upande mmoja, macho yake hayakuwa na kazi nyingine ila kuulinda ule ukuta.

"Kingine, Mama. Fungua mdomo."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hao wasomi wako hawakuwa na bibi wa kuwaambia?"

Mkaaji aliokota vioo. Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha ukashuka hadi kitandani, na sasa vidole viwili viliingia ndani yake. Kitanda hakikuwa na pengine pa kwenda. Chumba kilikuwa kimoja, na upande wa pili ulijaa nyaya na visanduku vya vipimo visivyoguswa.

Jina hilo la Mkaaji alipewa na Kituo cha Utafiti wa Majengo cha chuo kikuu. Ili kujenga kituo hicho, chuo kilivunja vibanda vyote vya bondeni, chake kikiwamo. Kisha kikamchagua yeye, mjane mwenye mgonjwa, akae bure katika nyumba ya mfano ya matofali ya udongo, wapime kama maskini anaweza kuishi humo. Maskini hawakuwa wa kutafuta kwa tochi. Chuo chenyewe kilikuwa kimetoka kuwatengeneza. Matofali yalipaswa kuchanganywa na saruji. Mkaaji, aliyekuwa akisubiri kando na mizigo yake, aliona saruji ikishushwa mchana, na jioni akaona nusu yake ikipakiwa kwenye gari la mkurugenzi. Akajifanya hakuona.

Mkurugenzi alikuwa profesa, ila wafanyakazi walimwita Bwana Awamu, maana kwake hata chai ilikuwa na awamu. Siku hiyo alifika mapema.

"Wafadhili wanakuja leo. Tundika shuka hapo juu ya ufa."

"Profesa, kioo kimepasuka tena. Niruhusu nizibe, hata kwa udongo tu. Au mtuhamishe mpaka mkarabati."

"Ukiziba unaharibu utafiti. Si nilishakueleza?"

"Ulinieleza. Lakini mama analala chini yake."

"Sikiliza, mama." Sauti yake ilishuka, na aliyemfahamu alijua hapo ndipo pa kumwogopa. "Kuna familia chungu nzima zinaililia nyumba hii. Wakikuuliza, sema unaishi vizuri. La sivyo unafungasha leo hii hii. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Wageni walikuwa watatu. Mkuu wao, mama wa makamo mwenye miwani, alivua viatu mlangoni, jambo ambalo Bwana Awamu hakuwahi kulifanya. Akamwinamia mgonjwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akamgeukia Mkaaji. "Na wewe, dada, unaionaje nyumba?"

Bwana Awamu alikuwa anatabasamu kwa meno yote. "Naishi..." Mkaaji alianza. Mama mkwe akakohoa, na udongo ukamwagika nyuma ya shuka hadi kwenye blanketi. Mkaaji akalivuta lile shuka likadondoka.

"Ukuta huu utatuua," alisema. "Nimeshasema mpaka nimechoka."

Mgeni aliingiza vidole kwenye ufa, akavitoa, akavitazama. Kisha akaguna, mguno wa mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu.

"Profesa! Mbona hili hamkuliandika? Nyumba inavyochoka ikiwa na watu ndani! Nani amewahi kulipima hili?"

Bwana Awamu hakupepesa jicho. "Ndiyo awamu ya pili, mheshimiwa. Tulitaka mjionee wenyewe."

"Fedha zitapatikana. Ila ukuta usiguswe mpaka mwisho wake. Na familia je?"

"Wako huru kuhama wakati wowote. Si ndiyo, mama?"

Huru! Wahamie wapi, kwenye maegesho ya magari ya kituo? Mkaaji alipowafuata mlangoni awaulize, wageni walikuwa wameshavaa viatu vyao, wanajadiliana kuhusu mashine ya kupima ufa unavyopanuka.

Mashine ililetwa wiki ile ile, ikasimamishwa nje kwa miguu mitatu, ikiuelekea ufa. Fundi wa vipimo alikaa nayo kutwa. Mchana mmoja mvua ikashuka kwa kishindo. Fundi alikimbia na turubai, akaifunika mashine, akakaza kamba huku na huku.

"Fundi! Lisogeze turubai lifike ukutani, maji yanaingia kitandani!" Mkaaji alimpigia kelele dirishani.

"Haiwezekani, mama. Ukuta lazima ulowe. Ndicho tunachopima."

Tofali la juu likang'oka, likaangukia kitanda upande wa miguu. Mkaaji akambeba mama mkwe mgongoni, akatoka naye mbio kwenye mvua, akataka kujipenyeza chini ya turubai. Fundi alinyoosha mkono kumzuia. Hakuwa mtu mbaya.

"Msiitikise, nawaomba. Subiri kwanza nimuulize Profesa."

Akajibanza kando ya mashine, akatoa simu, akapiga. Iliita, ikakatika. Akapiga tena. Mama mkwe alitetemeka mgongoni pa mkwewe, maji yakimchuruzika usoni, na nyuma yao tofali la pili likaanguka. Chini ya turubai mashine ikalia mlio mfupi, ikarekodi.