Shingo ya Evarista

Kama kuna kitu Mwalimu Evelina hakuweza kukivumilia duniani, ni uchafu. Kucha ndefu zilimkera, kola yenye mafuta ilimtia kinyaa, na mtoto mwenye makamasi alimharibia chai ya saa nne. Ndiyo maana alipewa usimamizi wa usafi na afya shuleni. Kila Jumatatu asubuhi, walimu wenzake wakiota jua, yeye alipita mstarini kukagua watoto mmoja mmoja, midomo kaibana kama mtu anayepita machinjioni.

Na kila Jumatatu alikwama kwa Evarista.

Evarista wa darasa la sita alikuwa bonge hasa. Mikono minene, tumbo limeitangulia sketi, hatua kumi tu anahema. Lakini kijijini kwao, huku Bahi, wazee bado wanaihesabu miaka kwa njaa zake, na hakuna aliyeona tatizo. Bibi yake, Scolastika, utotoni alishalala kwa mlenda mtupu, bila ugali, siku nyingi. Sasa alimjazia mjukuu wali mpaka unamwagika, akamnunulia soda kila walipouza mpunga, akatamba bombani: "Mjukuu wangu kanawiri. Nani atasema kwangu kuna njaa?" Evelina naye hakulalamika, maana ndoo ya maandazi aliyoiuza darasani haikuwa na mteja kama Evarista. Maandazi sita kwa siku, na chenji anampa pipi.

Kilichomchefua ni shingo. Nyuma ya shingo ya mtoto huyo, kwenye mikunjo ya nyama, palikuwa na weusi mzito kama masizi ya chungu.

"Nongo gani hizi, Evarista? Huogi?"

"Naoga, mwalimu."

"Unaoga kwa maji au kwa mdomo?"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Hayo yalikuwa ya kila wiki, lakini Jumatatu ile uvumilivu ulimwishia. Akaagiza maji, sabuni ya mche na gunzi, akamwinamisha mtoto mbele ya shule nzima, akasugua. Alisugua kwa hasira, pumzi kaizuia asisikie harufu ya jasho. Weusi haukutoka. Ikatoka damu. Evarista hakulia, aling'ang'ania tu magoti yake, akihema.

"Jumatatu ijayo ukija na shingo hii, darasani kwangu hukanyagi," Evelina alimwambia, kisha akaenda kunawa mikono mara mbili.

Alhamisi akaja Nesi Rukia wa zahanati, kwa bodaboda, na mizani yake mapajani, kupima watoto uzito na urefu. Evarista alipopanda mizani, wenzake wakaanza kukonyezana. Nesi hakuwajali, wala mizani hakuitazama sana. Alitazama shingo, iliyokuwa imeanza kufanya vigaga.

"Unasikia kiu mara kwa mara?"

"Sana, shangazi."

"Na haja ndogo?"

"Kila wakati. Mwalimu huwa ananikataza kutoka."

Nesi akamtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akakikodolea macho. Kisha akamvuta Evelina pembeni.

"Sukari iko juu mno, mwalimu. Tunampitia bibi yake, na hospitali anafika leo hii."

"Sukari? Mtoto wa miaka kumi na mitatu?"

"Hata watoto inawapata. Na ule weusi shingoni ndio uliokuwa ukitwambia. Mara nyingi uzito ukizidi na mwili ukaanza kushindwa na sukari, ngozi inageuka hivyo. Si uchafu ule. Hautoki hata ungemwogesha mwaka mzima."

Evelina aliifuta mikono yake kwenye sketi, ingawa ilikuwa mikavu.

Nesi akamrudia mtoto. "Na nani kakuchubua hivi?"

Evarista alimtupia mwalimu wake jicho, akainamisha uso. "Mimi mwenyewe. Nilitaka itakate."

Hapo Evelina alikuwa na nafasi ya kusema. Alijifanya anapanga madaftari, huku Nesi akimkemea mtoto asirudie tena ujinga huo, kisha Nesi akaenda kumwita dereva wa bodaboda.

Evarista alijikokota kuelekea kwenye pikipiki. Alipofika usawa wa mwalimu wake akasimama, akanong'ona:

"Usiogope, mwalimu. Sitamwambia mtu hospitalini. Ila Jumatatu niruhusu niingie darasani."

Evelina alitaka kutapika, na safari hii hakukuwa na mtoto wa kumsingizia. Kinyaa kilikuwa chake, juu yake mwenyewe, tangu unyayo hadi utosi.

"Nesi!" aliita, kwa sauti iliyotoa vichwa madirishani darasa hadi darasa. "Nesi, subiri. Mtoto anasema uongo. Mimi ndiye niliyemchubua."