Ijumaa Jikoni kwa Alisi

Hoteli ya Alisi, mama yake Sunday, pale Bwera mpakani mwa Uganda na Kongo, ilifika mahali kuku akawa anatagia kitandani, maana hakukuwa na mgeni wa kumfukuza. Wageni wote walikuwa kwa Kellen, jirani wa ng'ambo ya njia. Kellen alipiga picha vyumba vya binti zake walioolewa, akaviweka mtandaoni kwa simu, basi watu wakamiminika. Eti wanapenda kukaa nyumbani kwa mtu! Alisi alikasirika hadi akaacha kumsalimia.

Jumapili Arthur, mfanyabiashara wa Kasese, angekuja kuichukua hoteli aifanye ghala la kahawa. Alisi alishakubali, huku moyo ukimuuma. Hoteli ile aliijenga na marehemu mumewe, matofali wakiyafyatua wenyewe.

Ijumaa, jua limezama upande wa Kongo, hodi! Ni Kellen, na nyuma yake kundi la wageni, miguu imeganda chumvi ya ziwa la Katwe, njaa imewalegeza.

"Mama Sunday, nisaidie. Gari yao iliharibika njiani. Nilichopika mchana, wenzao wamemaliza. Na mimi moto nimezima, Sabato imeingia."

Kellen na Sabato yake, Bwera nzima inamjua. Ijumaa jua likizama, hata chai hachemshi mpaka kesho yake jioni.

Alisi alitaka kumwambia, si ulijifanya hoteli, haya pika! Lakini alipomwona mwenzake hajui hata aangalie wapi kwa aibu, hasira zikamwisha.

"Wape viti," akasema, akaenda kupuliza makaa.

Wageni walikula ugali wa muhogo na samaki mpaka wakalamba vidole. Wawili waliposikia maji ya moto yapo, wakaomba chumba hapo hapo.

Kellen alimfuata jikoni. "Mama Sunday, wageni wangu walale kwangu, chakula wapate kwako. Siku zote, si Ijumaa tu. Kupika kumenishinda, mgongo umekwisha. Nilitaka kukuambia zamani, lakini wewe hunisalimii."

"Wee! Kumbe mimi ndiye niliyejifungia mlango?" Alisi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. "Na malipo tutagawana vipi?"

"Usinitajie pesa, ni Sabato!"

Alisi akachukua simu, akampigia Arthur.

"Baba, kahawa yako itafutie nyumba nyingine. Humu wanalala watu."

Kisha akaenda kumtoa kuku kitandani.