Mama Hakwenda Amani

Msimu ule wa baridi, wingu lilikuwa likiingia ndani ya nyumba kama mgeni aliyezoea. Lilipitia dirisha la jikoni, likazunguka meza, likatokea mlango wa mbele bila kumgusa mtu. Zuhura alikaa kwenye kigoda, mikono ameificha ndani ya kanga, akilitazama likipita. Wakati mwingine alilisalimia. "Shikamoo," alisema, na wingu likaendelea na safari yake.

Zuhura alikuwa mwanamke mzima, mvi zimeanza kumchungulia kwenye paji, lakini akili yake ilikuwa imekua taratibu, kisha ikasimama mahali ilipotaka kusimama. Kusoma hakujua. Alijua kumenya njegere, kuosha karoti mtoni mpaka zing'ae, na kumwamkia kila mtu, hata watoto waliopaswa kumwamkia yeye. Maisha yake yote alikuwa ameishi na mama yake, Bi Mwanaisha, katika nyumba ya matofali juu ya mji wa Lushoto, pale ambapo matuta ya mboga yanapanda mlima mpaka yanapokutana na msitu. Walilala chumba kimoja. Asubuhi mama alimfunga kilemba, wakaenda shamba wameshikana mikono, na watu waliowazoea walikuwa wakiwaona kwa mbali kama mtu mmoja mwenye vichwa viwili.

Kisha Bi Mwanaisha akaugua kifua, akapelekwa hospitali, akafa.

Kaka yake Zuhura, Ismaili, alikuwa fundi seremala mjini. Alipanda na mkewe Hamida asubuhi ya msiba. Uani watu walikuwa wameshaanza kujaa, na mlangoni alisimama Zuhura, akifurahia wingi wa wageni, akiwaamkia mmoja mmoja. Ismaili alimwona anacheka vile, akashindwa kumwambia. Akamwomba jirani amchukue, akae naye mpaka mazishi yapite.

Jioni Zuhura alirudishwa. Akaangalia chumbani, akaangalia jikoni, akamgeukia kaka yake.

"Mama yuko wapi?"

Ismaili alifungua kinywa. Neno lililotoka halikuwa lile aliloliandaa.

"Ameenda Amani," alisema. "Kwa shangazi. Atarudi."

Amani iko mbali, upande wa mashariki wa milima. Kufika huko lazima ushuke mpaka barabara kuu, upite Korogwe, ufike Muheza, ndipo uanze kupanda tena kwenye mashamba ya chai. Zuhura hakujua lolote kati ya hayo. Alijua tu kwamba shangazi alikuwa akija kutoka huko akinuka majani mabichi, na kwamba akiondoka wingu lilimmeza kwenye kona. Kwa hiyo akaamini Amani iko ndani ya wingu, na Mama yuko humo, anapiga soga.

Akasubiri. Kila asubuhi alimimina vikombe viwili vya chai na kukiacha kimoja kipoe. Alilala ukingoni mwa kitanda ili nafasi isije ikakosekana. Hamida, ambaye sasa alikuwa amehamia pale na mumewe, alijaribu kumfunga kilemba, naye akakivua na kukitupa chini. Njegere akaacha kumenya. Chakula akakisukuma. Siku zilivyozidi kupita aliongea kidogo zaidi, mpaka nyumba nzima ikawa kimya kama chumba kilichojaa pamba.

"Anaumwa," alisema Ismaili.

"Haumwi," alisema Hamida. "Anangoja."

Asubuhi moja wingu lilikuwa zito kiasi cha kuficha mikaratusi ya jirani. Zuhura alivaa sweta la mama yake, akafungua mlango, akaingia ndani ya ule weupe. Hakuogopa. Njia ilijitokeza kidogo kidogo mbele ya miguu yake, kisha ikafutika nyuma. Alisikia maji yakianguka mahali fulani, na ng'ombe akilia bila kuonekana, na mara mbili alisikia mtu akikohoa kwa kifua cha Mama, akaharakisha. Alipofika kwenye kona ya chini, kivuli cha mwanamke kilitokea kikipanda mlima polepole, kikijipumzisha kila baada ya hatua chache.

"Mama!" aliita.

Kivuli kikasimama, kikapata uso. Hakikuwa Mama. Alikuwa Mwalimu Modesta, aliyemfundisha miaka mingi iliyopita kwenye darasa la watoto wenye ulemavu wa akili, na ambaye sasa alikuwa amestaafu. Habari za msiba zilikuwa zimemfikia kwa kuchelewa, naye alikuwa akipanda kutoa pole.

Zuhura alikunja magoti. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Zuhura wangu. Unaenda wapi na baridi hii?"

"Amani. Kumchukua Mama."

Mwalimu Modesta angeweza kusema chochote pale, hakuna ambaye angesikia. Akamshika mkono.

"Njia ya Amani ni ndefu sana," alisema. "Turudi nyumbani kwanza. Nina maneno na kaka yako."

Ismaili alikuwa amekwishatoka kumtafuta, anaita kila upande. Alipowaona wakitokea kwenye ukungu alishindwa hata kuamkia vizuri. Hamida akampeleka Zuhura karibu na moto, na mwalimu akakaa barazani na Ismaili.

"Poleni sana," alianza. "Hukumwambia."

"Mwalimu, hataelewa. Nikimwambia nitamtesa bure."

"Anajua Mama hayupo. Hilo limeshamwingia, hata kula hali. Ambacho hajaelewa ni kwa nini mama yake ameondoka bila kumuaga."

Ismaili akainamisha kichwa.

"Basi nimwambieje? Kwamba amelala?"

"Hapana, ataogopa kulala. Wala usimwambie ametutoka, atauliza ametoka kwenda wapi. Sema amekufa. Sema mwili wake umeacha kufanya kazi, na kwamba harudi. Kisha mwache aulize. Akiuliza tena kesho, mjibu tena, maneno yale yale. Na usimfiche machozi yako, vinginevyo atadhani analia peke yake."

"Mimi sijalia," alisema Ismaili kwa sauti ndogo. "Tangu siku ile sijalia hata mara moja."

Wingu lilikuwa limefika barazani, likawapitia katikati.

Walimwambia siku ile ile, jikoni, mbele ya moto. Mwalimu na Hamida walikaa pembeni. Ismaili alichuchumaa mbele ya dada yake, akamshika mikono yote miwili.

"Dada. Mama hakwenda Amani. Nilisema uongo. Mama alikuwa mgonjwa sana, kifua chake kikashindwa kuvuta pumzi. Mama amekufa."

Zuhura alimtazama mdomo, kama anayengoja maneno mengine yatoke nyuma ya yale.

"Atarudi lini?"

"Harudi. Mtu akifa harudi."

"Ulisema Amani."

"Nilisema. Nilikosea."

Zuhura alichomoa mikono yake, akamchapa kifuani kwa viganja. Akamchapa tena. "Ulisema Amani! Ulisema Amani!" Ismaili hakujikinga. Alibaki amechuchumaa, akipokea, na kutoka ndani yake ikaanza kupanda sauti ambayo Hamida hakuwahi kuisikia tangu amjue, mpaka akawa analia kama mtoto, kamasi na machozi. Zuhura akaacha kuchapa. Akamshangaa. Kisha naye uso wake ukakunjika, akaanza kulia. Kilio chake kilikuwa kirefu, kikipanda na kushuka, na wapita njia walikisikia wakasimama.

Asubuhi iliyofuata Zuhura aliuliza, "Mama yuko wapi?"

"Mama amekufa, wifi," alijibu Hamida.

"Harudi."

"Harudi."

Zuhura alimimina chai. Vikombe vilikuwa viwili. Hamida akakivuta kile cha pili, akanywa yeye, na Zuhura akamwacha.

Alimnunia Ismaili siku nyingi. Akiingia, yeye anatoka. Lakini shehe alipoulizwa na kusema haoni ubaya binti kwenda kumwombea mama yake, na wakaanza safari ya kwenda makaburini, ng'ambo ya shamba la kahawa, ni mkono wa kaka yake alioushika kuvuka mtaro wa maji. Kaburi lilikuwa bado tuta jekundu, nyasi hazijaota. Zuhura alilizunguka polepole. Alipiga magoti akaweka sikio kwenye udongo.

"Anasikia baridi?"

"Hapana," alisema Ismaili. "Mwili uliokufa hausikii baridi wala maumivu."

Akalifikiria hilo. "Kifua hakimuumi?"

"Hakimuumi tena."

"Basi," alisema Zuhura. Akavua sweta hata hivyo, akalitandika juu ya udongo, akalinyoosha mikono yake kana kwamba anamvika mtu. Ismaili alitaka kulichukua, litalowa umande, litaoza. Hamida akamgusa bega. Wakaliacha, na walipogeuka kwenye mtaro, ukungu ulikuwa umeshuka na kulifunika tuta lote, isipokuwa rangi ya lile sweta.

Ikafika arobaini. Safari hii hakuna aliyemficha Zuhura kwa jirani. Hamida alimwogesha na kumpaka mafuta, akamfunga kanga mpya, akamkalisha mkekani katikati ya wanawake. Wakati wa dua aliinua viganja kama wengine. Dua ilipoisha hakungoja kuambiwa. Alisimama, akaenda kwa mwanamke wa kwanza, akakunja magoti.

"Shikamoo. Mama yangu amekufa."

Bibi yule alishtuka. Siku ya mazishi alikuwa amempa pole Ismaili, akampa pole Hamida, akawapa pole hata majirani. Akamshika Zuhura mkono, akamvuta karibu.

"Pole sana, mwanangu. Pole."

Zuhura alikubali kwa kichwa, akasogea kwa anayefuata. Akaizunguka mikeka yote hivyo, bila haraka, na kila aliyefikiwa alimpa mkono, na wengine walimlilia begani, naye akawapigapiga mgongoni. Mwalimu Modesta, aliyekaa karibu na ukuta na kitambaa cheusi kichwani, aliamkiwa na kuambiwa kama wengine. "Pole, Zuhura," alisema, kama mtu anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Baridi ilikatika. Ismaili alihamishia meza yake ya useremala kibarazani, kwa hiyo nyumba ilinuka mbao kuanzia asubuhi. Zuhura bado aliuliza, si kila siku, na yeyote aliyekuwa karibu alimjibu. Zilikuwapo siku za kulia na siku za kutoinuka kitandani. Zilikuwapo pia nyingine.

Mchana mmoja wa jua alikuwa amelala mkekani, karibu na maranda ya mbao, mara akacheka usingizini. Ismaili akasimamisha randa. Akangoja mpaka alipofumbua macho.

"Umeota nini, dada?"

"Mama. Alikuwa anamfukuza kuku."

"Akamkamata?"

"Wapi!" alisema Zuhura, akajifunika uso kwa kanga, akacheka tena mpaka mabega yakatikisika.